Fundi Zabron na Ua la Kutambaa

Kaka yangu Zabron ni mbishi. Nalisema hili mapema ili huko mbele nisije nikaonekana namsengenya. Mimi Tusekile ni dada yake, tumebishana tangu tukiwa watoto kule Tukuyu, na hakuna mwenye haki ya kumsema kunizidi. Ni fundi umeme. Ukiingia nyumba yoyote hapa Mbeya, kuanzia Iyunga mpaka Uyole, ukakuta waya umepita ukutani umenyooka, kona imekatwa vizuri, na klipu zimepigwa kwa umbali uleule toka mwanzo mpaka mwisho, uliza aliyefunga. Utaambiwa ni Zabron. Amefanya kazi hiyo miaka thelathini, na mpaka leo akipita karibu na nyumba aliyoifunga umeme zamani, anapunguza mwendo ili aitazame.

Mwaka jana mwezi wa nane, asubuhi, akiwa ameinama anafunga kamba za viatu aende kazini, kiharusi kikampiga. Mkono wa kushoto ukalegea, mguu wa kushoto ukalegea, mdomo ukaenda upande. Tulikaa naye hospitali wiki tatu, kisha tukarudi naye nyumbani kwake Ilomba. Tuliambiwa dawa anywe kila siku, mazoezi afanye kila siku. Akiyafanya anaweza kusimama tena. Asipoyafanya, basi tena.

Sasa mjue kilichotuweka roho juu. Binti yake mkubwa, Anjela, alikuwa ana mchumba tayari, kijana wa Iringa anaitwa Marcelino, mwalimu kule Tosamaganga. Sendofu ilikuwa imepangwa Jumamosi ya mwisho ya Julai mwaka huu. Na kwenye sendofu, wenyewe mnajua, baba anasimama mbele ya ukumbi mzima, anamshika binti yake mkono, anatembea naye mpaka walipokaa wakwe, anamkabidhi. Hiyo ndiyo sendofu yenyewe. Keki, muziki na sare za kina mama ni mapambo tu. Basi familia ikakaa, ikaamua kwamba Zabron akishindwa, mdogo wetu Gwakisa atasimama badala yake. Gwakisa alikubali upesi mpaka nikamtupia jicho.

Tulikuwa tunazungumza sebuleni, tukidhani mgonjwa amelala. Kumbe anasikia yote. Akaita kutoka chumbani. Siku hizo kuongea kwake kulikuwa kwa shida, neno moja, anapumzika, neno lingine, lakini hili alilisema likaeleweka kwa kila mtu.

"Gwakisa asimame. Mimi siji. Kwenye kiti sipelekwi."

Anjela akatoka nje kulia. Yeye na baba yake ni watu wa kutaniana tangu asubuhi, na sendofu bila baba yake aliiona kama msiba. Lakini Zabron akishasema amesema. Ama angesimama kwa miguu yake, ama binti yake angeagwa yeye akiwa Ilomba anaangalia ukuta. Na tulikuwa na miezi kumi tu.

Ungedhani mtu aliyesema maneno kama hayo angeyashika mazoezi kwa mikono miwili. Thubutu! Kila Jumanne na Ijumaa alikuja binti mmoja mtaalamu wa viungo, mpole kweli, akampa soksi iliyokunjwa aifinye kwa mkono wa kushoto. Zabron aliitazama ile soksi, akamtazama yule binti, akaitupa soksi chini ya kochi. Akasema yeye kafunga umeme nyumba hazihesabiki mji huu, leo hii anakabidhiwa soksi afinye? Binti akienda, na mazoezi yamekwenda. Mimi nilimfokea mpaka sauti ikanikauka. Wifi yangu Tekla, mke wake, hakufoka. Tekla ni Mhehe wa Idodi, mtu wa maneno machache. Ukimchokoza saa mbili asubuhi atakujibu saa nane mchana, na jibu lenyewe litakuwa swali. Ile soksi aliiokota, akaifua, akairudisha kabatini.

Mwezi wa tisa akaja Nalini kumwona mgonjwa. Nalini, sisi tunamwita Mama Avni, ana duka la vifaa vya umeme pale Mwanjelwa na mume wake Darshan, na Zabron amenunua waya kwao tangu Avni mwenyewe akitambaa chini ya kaunta. Watu huku kwetu wanakwenda kwa mgonjwa na sukari, sabuni, mkungu wa ndizi. Mama Avni alikuja na machungwa, sawa, halafu akatoa chupa ya jemu yenye maji na kijitawi cha majani manne. Ua la kutambaa, lile la ndani, majani kama moyo, ya kijani yenye mabaka ya njano. Sisi kila mmea usioliwa tunauita ua, hata kama hautoi ua siku zote za maisha yake. Nikamsindikiza mpaka barabarani kwa adabu zote, nikarudi ndani nikamuuliza Tekla kama siku hizi wagonjwa wanaletewa majani. Akaniuliza kama machungwa nimeyaosha.

Tekla akatoboa ndoo kuukuu ya rangi matundu chini, akaweka udongo, akalipanda. Ndoo akaiweka juu ya kigoda pembeni ya dirisha la sebule, karibu kabisa na kiti alichokuwa anakaa Zabron mchana kutwa. Ua lile, jamani, kumbe linapenda sebule kuliko mimi. Mvua za kwanza ziliponyesha na joto likaja, likaanza kurefuka. Lilipoanza kuning'inia, Tekla akapiga msumari ukutani, akalifunga kwa uzi wa sufu, uzi wa waridi uliobaki alipofuma soksi za watoto. Akapiga msumari mwingine mbali kidogo, chini kuliko wa kwanza, akalifunga tena. Likawa limepinda vibaya.

Zabron akalitazama siku ya kwanza. Akalitazama siku ya pili. Chai ilimpoa mkononi. Siku ya tatu uvumilivu ukamwisha.

"Tekla. Huo waya gani huo?"

"Si waya, ni ua."

"Limepinda."

"Mimi si fundi," Tekla akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Akapumua kwa hasira. Kisha akaagiza mkoba wake wa kazi, uliokuwa chini ya kitanda tangu mwezi wa nane. Nikauleta mbio. Akachagua klipu za waya mnene, zile pana, maana alisema shina lina maji ndani na likibanwa litakufa. Sasa kupiga klipu ukutani kunataka mikono miwili, mmoja ushike klipu na mwingine ushike nyundo. Wa kulia ulikuwa mzima. Klipu ikabidi ishikwe na wa kushoto.

Klipu ya kwanza ilimchukua toka chai ya asubuhi mpaka saa sita na nusu. Inaanguka, Tekla anaiokota, anamwekea kiganjani. Inaanguka tena. Vidole vinatetemeka, jasho linamtoka, anatukana kwa Kinyakyusa matusi niliyoyasahau tangu utotoni. Huruma ikanishika, nikanyanyuka nimshikie. Tekla akaniambia taratibu niende nikaangalie maharage jikoni. Nilikwenda. Hakukuwa na maharage yoyote jikoni. Nikasimama pale mbele ya jiko tupu nimeudhika, na huku nyuma nikasikia nyundo ikigonga mara tatu. Niliporudi klipu ilikuwa ukutani, imenyooka, na shina limepita katikati yake bila kubanwa. Zabron alikuwa ameegemea kiti amefumba macho, na alikuwa anatabasamu kwa ule upande mmoja wa mdomo uliokuwa mzima.

Kuanzia hapo akawa na kazi. Alitaka uzi wa chaki, alitaka kipimamaji. Akanituma nichore mstari ukutani, kutoka kwenye ndoo, sambamba na fremu ya dirisha, mpaka juu kwenye linta, ile boriti ya zege juu ya dirisha, kisha uende kulia mpaka juu ya mlango wa kutokea. Nikachora mara nne ndipo akaridhika. Kila ua liliporefuka kiasi cha shubiri moja, alipiga klipu. Ikifika Jumanne binti wa mazoezi anakuja, anamkuta anafanya kazi, anakaa pembeni anaandika kwenye daftari lake. Soksi hakuitaja tena.

Kulimwagilia pia kulikuwa na vita vyake. Mimi nilikuwa nalimwagilia asubuhi na jioni, maana bustani ya nyanya nyumbani ndivyo tulivyofundishwa, na majani ya chini yakaanza kulegea. Mama Avni akapigiwa simu, akasema tunalizamisha. Tuchovye kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, kikitoka kikavu ndipo tulipe maji, kikitoka na unyevu tuliache. Zabron akanipokonya kopo, akasema kuanzia leo kidole ni chake. Alichovya cha kushoto. Kile kidole kilikuwa kimekufa ganzi, hakijui kavu wala mbichi, kwa hiyo alikisia, kisha anachovya cha kulia kuhakikisha. Alikosea Novemba nzima. Desemba akakosea. Kila siku anakisia, anahakikisha, anakosea, anasonya. Nikamwambia atumie cha kulia tu tupumzike. Akaniambia nimwache na ua lake. Kumbukeni hilo: ua lake.

Mwezi wa pili mwaka huu ua likapita usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa. Hapo akawa na mawili, aliache lining'inie au ainuke. Kumtuma mtu mwingine apige klipu hilo hata halikumjia akilini, maana ni mstari wa Zabron ule. Akashika nondo za dirisha kwa mkono wa kulia, akajivuta, Tekla yuko nyuma amemshika mkanda. Akasimama kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, akakaa kwa kishindo. Kesho yake mpaka kumi. Baadaye akawa anaegemea fremu kwa bega, mkono wa kushoto umeshika klipu, wa kulia nyundo. Anjela alikuwa anafanya kazi Makambako, na kila Jumapili akipiga simu baba yake anamweleza ua limefika wapi. Habari za mguu hamwelezi.

Na ilikuwa Machi, asubuhi yenye mvua, alipochovya kidole cha kushoto akakiacha humo. Sisi tunakunywa chai. Akasema, "Kuna ubaridi." Akachovya cha kulia. Udongo ulikuwa umelowa. Tekla aliweka kikombe mezani, akaingia chumbani, na alipotoka macho yalikuwa mekundu. Mimi nililia palepale mezani bila kujificha, nikamshukuru Mungu kwa sauti, na Zabron akaniambia nipunguze kelele nitalitisha ua.

Mwezi wa tano likafika kwenye linta, likakata kona. Majani arobaini na moja. Nayajua kwa sababu aliyahesabu kila asubuhi na kunitangazia.

Sasa nafika mahali pangu mimi. Ningependa kupaacha, lakini nitasema.

Juni wakwe walikuwa wanakuja kutoa mahari. Juni kwetu mnaijua, baridi inapasua midomo. Mtoto wa Mbeya hatoki nje Juni hajapakwa mafuta ya mgando usoni, viwikoni, miguuni mpaka anang'aa, na mtoto aliyepauka ni aibu ya mama yake. Siku mbili kabla ya ugeni nikaliangalia lile ua. Lilikuwa limepauka. Vumbi juu ya majani, ncha zimekauka. Nikajisemea, wageni wa Iringa waje wakute ua limepauka hivi sebuleni kwa kaka yangu? Zabron alikuwa amelala, Tekla yuko sokoni. Nikachukua kopo kubwa la mafuta, nikapanda juu ya kiti, nikalipaka lote. Jani moja baada ya lingine, juu na chini, mpaka likang'aa kama viatu vya Jumapili.

Na liliwapendeza, msidhani. Mshenga wa Marcelino alisimama katikati ya sebule akauliza ni fundi gani amelipitisha ua hivi. Zabron alijinyoosha kwenye kiti mpaka akaonekana mrefu. Nikajiona nimefanya la maana.

Wiki moja baadaye jani la kwanza likageuka njano. Halafu matatu. Vumbi na moshi wa jiko la mkaa tunalowasha ndani wakati wa baridi vilikuwa vimenata kwenye yale mafuta, majani yamekuwa na utando. Yakawa yanadondoka. Zabron akadhani kosa ni lake, amebana klipu, amekosea maji. Akahamisha ndoo, akapunguza maji, akalegeza klipu. Kila asubuhi anahesabu, na hesabu inashuka. Thelathini na tatu. Ishirini na sita. Yalipobaki kumi na saba, shina likiwa limebaki tupu kuanzia chini mpaka karibu na linta, hakuhesabu tena. Hakutoka chumbani. Kidole hakichovywi. Jumanne binti wa mazoezi alimkuta amegeukia ukutani. Na jioni ile nikamsikia kwenye simu anamwambia Gwakisa akashone suti.

Zilikuwa zimebaki wiki nne.

Tekla akamwita Mama Avni. Mama Avni akaja, akalishika jani kwa vidole viwili, akavisugua, akanusa. Akauliza limepakwa nini. Tekla akanigeukia. Mimi, mwenye mdomo kuliko wote kwenye ukoo, nikalinyooshea kidole kopo la mafuta. Mama Avni hakunigombeza, akasema tu kwamba jani linapumua kwa uso wake, na lililozibwa uso linakufa taratibu. Afadhali angenigombeza. Nilihisi kama nimemziba pumzi kaka yangu mwenyewe.

Nikaingia chumbani. Nikasimama mlangoni, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

"Kaka, si wewe uliyekosea. Nililipaka mafuta."

Kisha akageuka.

"Mafuta gani?"

"Ya mgando."

"Ya mgando," akarudia. "Kwa nini?"

"Lilikuwa limepauka. Na wakwe wanakuja."

Akanikazia macho. Mimi nikasubiri matusi, na nilikuwa nayastahili yote. Akaanza kutikisika, nikaogopa, nikadhani kiharusi kingine. Kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka akakohoa, akauliza kama magoti ya ua nayo niliyapaka, akacheka tena. Tekla na Mama Avni wakaja mbio. Na Tekla ndiye aliyeona kwanza, akanishika mkono kwa nguvu. Mdomo wa Zabron ulikuwa unacheka pande zote mbili. Kona ya kushoto ilikuwa imepanda juu sawasawa na ya kulia.

Alipomaliza kucheka akafuta macho, akaagiza maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini.

Kumbe kuliosha jani lile kuna kanuni yake. Kiganja cha kushoto unakiweka chini ya jani kulishikilia, cha kulia unafuta juu, taratibu, usilipasue. Kisha unageuza. Mafuta hayatoki kwa mara moja, kwa hiyo ni kila siku, majani kumi na saba, pande mbili. Shina lililobaki tupu Mama Avni alimwelekeza alikate kwenye vifundo, kila kipande kichomekwe kwenye chupa ya maji na kuwekwa juu ya kabati lililopakana na jikoni, mbali na kioo cha dirisha ambapo baridi inapita. Zabron alikata mwenyewe kwa mkasi. Lakini kipande cha juu, kile chenye majani kwenye linta, hakutaka kukiteremsha mpaka amekiosha palepale kilipo; mwisho wake akauchomeka kwenye chupa ya maji iliyofungwa ukutani. Alisema waya hauutoi ukutani kabla ya kujua kama ni mzima.

Siku ya nne ya kuosha nilikuwa nimekaa mlangoni namenya viazi, Tekla anapiga pasi. Zabron yuko kwenye linta. Nikainua macho. Mkono wa kushoto uko chini ya jani. Mkono wa kulia una kitambaa. Bega haligusi fremu. Na nondo za dirisha hazijashikwa na mtu. Yule mtu alikuwa amesimama peke yake, hewa tupu pande zote, anafuta jani.

Nikafungua mdomo nipige kelele. Tekla alikuwa ameshanifikia, akanifinya bega mpaka maumivu yakanizuia. Tukatazama. Akamaliza jani la kwanza. Akaligeuza. Akasogeza mguu wa kulia, akasogeza wa kushoto, akaanza la pili. Alipomaliza la tatu akashusha mikono kupumzika, akaitazama kama anaitafuta ilikokuwa. Hapo ndipo alipojua. Akatugeukia taratibu, hakushika kitu, na sura yake siku ile sitaisahau nikiwa hai.

"Mmeona?" akauliza.

"Tumeona," Tekla akasema.

Jioni, tukiosha vyombo, nikamuuliza wifi yangu jambo lililokuwa linanisumbua muda. Mke wa fundi miaka yote hii, aliyemshikia ngazi kwenye kazi ngapi, alishindwaje kupitisha ua moja kwenye misumari miwili likanyooka? Akasuuza sahani, akaiweka, akachukua nyingine.

"Ningelinyoosha, angeinuka kwa ajili gani?"

Nilimtazama tu, na nikamheshimu kuliko nilivyomheshimu siku zote tangu aolewe kwetu.

Wiki zilizobaki Zabron alitembea sebuleni kufuata mstari wake, dirishani mpaka mlangoni, hatua nane, kurudi nane. Kisha uani. Alitukataza kumwambia mtu, na hasa Gwakisa. Anjela aliporudi nyumbani siku mbili kabla ya sherehe, alimkuta baba yake kwenye kiti kama kawaida, akiwa amezungukwa na chupa zenye mizizi myeupe inayoelea, na kwenye linta jani jipya limejikunja linataka kufunguka. Akamwuliza kwa uoga kama atakuja walau kukaa nyuma. Akamjibu kwamba atakuja. Hakusema zaidi, na mimi niliuma ulimi mpaka nikadhani utakatika.

Jumamosi ikafika. Tulimpitisha mapema mlango wa nyuma wa ukumbi, tukamkalisha meza ya mbele, fimbo yake chini ya kitambaa cha meza. Watu walipoingia walimwona amekaa, wakaja kumsalimia wakiwa wamekunja nyuso kwa huruma. Alipokea pole zote kwa upole ambao si wake. Gwakisa alikuwa na suti ya kijivu, na lazima niseme ukweli, ilimkaa.

Mshereheshaji akasoma alichoandikiwa. Kwamba kwa sababu ya afya ya baba mzazi, baba mdogo wa bibi harusi, Bwana Gwakisa, atamkabidhi binti. Gwakisa akasimama, akafunga vifungo vya koti. Anjela akawa amesimama mbele peke yake, ameshika maua, anaangalia sakafu.

Zabron akasogeza kiti nyuma.

Akaweka fimbo mkono wa kulia. Akainuka. Hakujivuta kwenye meza, hakushikwa na mtu, aliinuka kama mtu anayeinuka kwenda kazini. Ukumbi ule wenye watu mia tatu ukageuka kumtazama. Gwakisa akafungua vifungo vya koti, akakaa, na kwa heshima yake niseme kwamba ndiye aliyeanza kupiga makofi. Zabron alimfikia binti yake, akamnyooshea mkono wa kushoto. Anjela aliutazama ule mkono. Akaushika. Akanieleza baadaye kwamba alibanwa vidole mpaka vikauma, na kwamba hajawahi kufurahia maumivu kama yale.

Wakatembea. Mimi nilihesabu, nani angenizuia? Hatua ishirini na mbili, na mguu wa kushoto unaburuza kidogo, lakini unakwenda. Wamama wa Kinyakyusa walipasua vigelegele, wale wa Iringa wakajibu, na nadhani hata bendi ya ukumbi wa jirani ilinyamaza kutusikiliza. Tekla alitembea nyuma yao hatua mbili, mikono pembeni, hakumshika. Walipofika mbele ya wakwe, baba yake Marcelino alikuwa ameshasimama, na mama yake analia.

"Huyu ni Anjela," Zabron akasema, na kila neno lilisikika mpaka mlangoni. "Nimemleta mwenyewe."

Akauweka mkono wa binti yake kwenye mkono wa baba mkwe.

Mshereheshaji, kijana mwenye adabu, akaomba haraka mzee wetu aletewe kiti, apumzike kidogo, sherehe iendelee. Watu wawili wakaja mbio na kiti. Kaka yangu akakitazama.

"Nimekaa miezi kumi na moja," akasema. "Endelea na ratiba."

Mshereheshaji akaendelea, na Zabron akabaki amesimama.